Baiskeli Katika Tambarare: Namna ya Kufika Kigangoni Ukiwa Bado na Nguvu



Katika mwaka wangu wa uchungaji nilitumwa siku moja kwenda kusaidia mazishi katika kigango kilicho mbali na parokia, huku kwetu Katavi. Niliazima baiskeli, nikaondoka saa 4 asubuhi bila maji wala pampu. Niliitazama barabara iliyonyooka mbele yangu, haina kilima hata kimoja, nikajisemea kwamba ni kazi ya saa mbili tu. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Saa ya kwanza nilikuwa shujaa. Saa ya pili upepo ulinikabili usoni na jua likawa utosini. Saa ya tatu nikapata pancha. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Mzee mmoja wa jumuiya ndiye aliyeongoza rozari, na wafiwa walikuwa wameketi kimya chini ya mwembe.

Katekista wa pale hakunigombeza. Alinipa maji, akasubiri ninywe, kisha akasema, “Frateri, tambarare haikuangushi kama mlima. Inakukausha polepole.” Nikamwambia, “Mwalimu, nifundishe.” Mengi ya haya ninayoyaandika nilianza kuyajua siku ile.

Kwa nini baiskeli?

Mtu mzima akitembea kwa miguu huenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Kwa jasho lilelile, juu ya baiskeli nzima na barabara nzuri, huenda kilomita 15. Kigango kilicho umbali wa kilomita 30 kwa miguu ni safari ya saa sita kwenda tu, maana yake ni kulala huko. Kwa baiskeli ni saa mbili, na unaweza kurudi siku hiyohiyo. Kwa mkoa wetu ambao vijiji vimetawanyika, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama wagonjwa watatembelewa wiki hii au mwezi ujao.

Waliotutangulia hawakuwa na nafuu hiyo mwanzoni. Wamisionari wa Afrika walipofika Karema mwaka 1885, njia zilikuwa za miguu na mitumbwi. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomea uganga huko Malta, alifika Karema mwaka 1889, akahudumu kama katekista na tabibu hadi alipofariki mwaka 1956. Tukikumbuka kazi yake ya miaka mingi, sisi wenye magurudumu mawili hatuna la kulalamikia.

Tambarare inavyochosha

Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na si kila mahali ni bapa. Lakini ukishuka kwenye bonde la Rukwa, upande wa Kibaoni, Usevya, Majimoto na Mamba, unakuta nchi iliyolala kama mkeka. Wageni hudhani hapo ndipo pa kustarehe. Kumbe mlima una fadhila moja: ukiisha kuupanda, unateremka na miguu inapumzika. Tambarare haina mteremko. Ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama. Kwa muda wa saa mbili au tatu unakalia sehemu ileile ya tandiko, mikono imeshika usukani vilevile, na misuli ileile ndiyo inayofanya kazi. Kwa hiyo adui wa kwanza ni pupa. Anza taratibu kiasi kwamba unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Kila baada ya nusu saa shuka, tembea hatua kadhaa, nyoosha mgongo.

Adui wa pili ni upepo. Baiskeli ikienda inasukuma hewa, na ukinzani wa hewa hauongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa maradufu, ukinzani unakuwa mara nne. Tuseme unakwenda kilomita 15 kwa saa na upepo wa kilomita 10 kwa saa unakuja kutoka mbele. Hewa inakupiga kana kwamba unakwenda kilomita 25, na ukinzani wake unakaribia mara tatu ya ule wa siku tulivu. Upepo huohuo ukikaa kisogoni, hewa unayoisukuma ni ya kilomita 5 tu, na unajiona una mbawa. Ndiyo maana mtu huenda kwa furaha na kurudi akiwa hoi, asijue kilichombadilisha.

Dawa yake ni tatu. Kwanza, ondoka alfajiri, mara tu kunapopambazuka, kwa sababu asubuhi hewa huwa tulivu na jua halijakaza. Pili, upepo ukikukabili, inama kidogo, bana viwiko, na ukubali kwenda polepole. Ukishindana nao utaishiwa nguvu kabla ya kufika. Tatu, mkiwa wawili au zaidi, mmoja atangulie na wengine wafuate nyuma yake kwa karibu, kisha mpokezane kila baada ya dakika chache. Anayefuata hujikinga na upepo, na katika mwendo wa kasi anaweza kuokoa kama robo ya nguvu zake au zaidi. Lakini usijikinge kamwe nyuma ya lori. Likifunga breki ghafla, huna pa kwenda.

Tairi, tandiko na mzigo

Kwenye lami, ukivuka mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hewa ndiyo inayokula nguvu nyingi zaidi. Kwenye changarawe na mchanga, tunakokwenda polepole, tairi ndilo lenye neno. Tairi lililolegea hubonyea kila linapozunguka, na kila kubonyea ni jasho lako. Libonyeze kwa dole gumba: kwa lami liwe gumu, likikataa kabisa kuingia. Kwa njia ya mchanga punguza upepo kidogo ili tairi lipanuke na lisizame. Lisilegee hadi rimu iguse chini, kwa maana hapo tyubu hukatwa.

Tandiko wengi huliweka chini mno kwa kuogopa kuanguka, na magoti ndiyo yanayolipa. Kaa juu ya baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo tu, na hicho ndicho kimo chako.

Mzigo uukaze kwenye keria kwa mpira, ukae chini na katikati. Mkoba wa mavazi ya ibada uufunge ndani ya mfuko wa plastiki, kwa ajili ya vumbi na mvua. Kanzu usiivae njiani. Nimeona kanzu nyeupe ikiliwa na mnyororo, na mwenye kanzu akaenda nayo chini. Mama anayebebwa nyuma akusanye khanga yake, na mtoto asiachwe miguu ikining'inia karibu na spoku.

Maji na chakula

Katika joto letu, kunywa kama nusu lita ya maji kila saa, na uanze kabla kiu haijakuuma. Kwa safari ndefu unaweza kutengeneza maji ya chumvi na sukari kama yale wanayopewa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Beba ndizi, karanga au kiazi kitamu kilichochemshwa. Ukianza kusikia baridi juani, kizunguzungu au kichwa kuuma, usijikaze. Tafuta kivuli, kunywa, upumzike.

Lami, wanyama na mbung'o

Lami iliyoiunganisha Mpanda na Tabora kupitia Sikonge ni baraka, lakini imeleta mabasi yanayokimbia. Kaa kushoto, pembezoni, na muende mmoja nyuma ya mwingine. Basi kubwa likikupita, hewa yake hukusukuma kwanza kisha kukuvuta. Shika usukani imara hadi lipite. Vaa nguo ya rangi inayoonekana, vaa kofia ngumu ukiweza kuipata, na usisafiri usiku bila taa mbele na kiakisi chekundu nyuma.

Kuelekea kusini, ukifika Sitalike unakuta daraja la mto Katuma lenye viboko, na mbele yake barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Humo mna tembo, nyati na simba. Usipite na baiskeli. Pakia baiskeli juu ya basi, ushuke nayo ng'ambo. Mbung'o nao, wanaoweza kuambukiza malale, hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Vaa rangi hafifu na mikono mirefu.

Msimamizi wetu

Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo, mwenye kikanisa kilimani huko Italia, kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Katika nchi hiyohiyo Gino Bartali, mkatoliki mwenye imani thabiti aliyeshinda Tour de France mwaka 1938 na 1948, alitumia baiskeli yake wakati wa vita kusafirisha hati za bandia alizozificha ndani ya fremu, ili Wayahudi waliosakwa wapate kuokoka. Askari walidhani yuko mazoezini. Kwa miaka mingi hakutaka kulizungumzia jambo hilo.

Kabla ya kuondoka

Jioni ya kuamkia safari, kagua breki, paka mnyororo mafuta, tikisa magurudumu uone kama gololi zimelegea. Weka kwenye mfuko pampu, solusheni, viraka, msasa na spana. Kisha mwambie mtu unakwenda wapi na unategemea kurudi lini.

Miezi michache baadaye niliitwa tena kwenye kigango kilekile, safari hii kwa ajili ya bibi mgonjwa. Niliondoka na padre saa 12 asubuhi, tukipokezana mbele. Tulipata pancha moja, tukaiziba kwa dakika ishirini. Tulipofika, bibi alikuwa macho. Alipokea sakramenti, akatuuliza kama tumekula.