Ray Lema, mupiga piano aliyerudi kujifunza kwa wapiga ngoma

Hapa Kalemie, kijana anayejua klavye utamukuta mara nyingi kwenye kwaya. Kwenye arusi anaombwa rumba, siku ya Mungu anarudi kanisani, na watu wanauliza yuko wa upande gani. Ray Lema hakuchagua upande.

Jina lake kamili ni Raymond Lema A'nsi Nzinga. Alizaliwa mwaka wa 1946 kule Lufu-Toto, Bas-Congo, kwenye kituo cha treni (sisi wa mji wa reli tutalipenda hilo). Alipokuwa na miaka 11 aliingia seminari ndogo ya Mikondo, Kinshasa, juu alitaka kuwa padri. Wamisionari waliona ana masikio ya muziki, wakamuweka kwenye ogani. Akajifunza Bach, Mozart na Chopin. Upadri uliachwa, piano ikabaki. Alisoma kemia kule Lovanium, lakini usiku alikuwa akipiga muziki mjini.

Mambo yaligeuka 1974, wakati alipewa kuongoza muziki wa Balle ya Taifa. Akazunguka inchi kutafuta wapiga ngoma. Alijua Bach vizuri, lakini kwa wazee wa ngoma alikuwa mwanafunzi.

Alijifunza nini? Aliyesikia ngoma za Waluba ao Watabwa kwenye sikukuu anajua: ngoma moja inashika pigo fupi na kulirudilia, ingine inaingia katika nafasi iliyoachwa, ya tatu inazungumuza juu yao. Hakuna anayebeba wimbo wote peke yake. Kwenye piano, mukono wa kushoto unaweza kushika lile pigo na wa kuume ujibu. Hapo piano ya wazungu inageuka kundi la ngoma.

Mwaka wa 1979 alienda Marekani kwa musaada wa Rockefeller Foundation, kisha Ufaransa. Mwaka wa 1985 alifanya kazi na Stewart Copeland, mupiga ngoma wa The Police, katika albamu The Rhythmatist. Mwaka wa 1992 alitoa albamu na kwaya ya wanawake wa Bulgaria ya Profesa Stefanov. Wengi wanaona ni mchanganyiko wa ajabu, lakini hauko hivyo: Wabulgaria nao wana nyimbo za mapigo yasiyolingana, 7 ao 11, kwa hiyo wanaelewa mizunguko yetu haraka kuliko wazungu wengine. Kazi ya mutayarishaji ni hiyo: kujua nani anaweza kukutana na nani, na nani anyamaze kwanza.

Ile safari ya 1974 ni ngumu kurudilia katika jimbo la Tanganyika. Tangu 2016 vita kati ya Watwa na Waluba ilihamisha vijiji vizima, na kundi la ngoma ni watu waliozoeana kwa miaka. Wakitawanyika, kila mumoja anabaki na kipande chake tu.

Lakini wahamaji wengi walifika kandokando ya mji wetu. Mwenye klavye anaweza kumuomba mupiga ngoma mumoja apige peke yake, polepole, mpaka mukono wa kushoto ushike.