Alasiri ya Bamvua Juu ya Ubao wa Tanga

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu hadi Paje na Jambiani, ni miongoni mwa sehemu chache ambazo familia iliyo likizoni inaweza kujifunza kwa pamoja mchezo wa ubao wa tanga, kwa kuwa maji yaliyo kati ya ufukwe na mwamba hayana mawimbi makubwa, mchanga wa chini ni laini, na upepo huvuma kwa miezi mingi ya mwaka. Hata hivyo, alasiri ambayo mtoto na mzazi wote wanasimama juu ya ubao na kwenda bila kuangukaanguka haiji kila siku, na wageni wengi wakiipata hudhani ni bahati tu. Kwa kweli alasiri hiyo hutegemea msimu, mwezi na jua, na anayejua mwenendo wa hayo matatu anaweza kuichagua kabla hajafunga safari.

Mchezo huu, ambao mchezaji husimama juu ya ubao mpana huku ameshika tanga kwa mikono, ulipata umbo lake la sasa huko California, Marekani, ambako mhandisi Jim Drake na mwenzake Hoyle Schweitzer waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1968, ingawa Newman Darby wa Pennsylvania alikuwa amekwisha kuchapisha maelezo ya ubao wake wenye tanga mwaka 1965. Uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984 kwa wanaume na mwaka 1992 kwa wanawake.

Jambo linaloutofautisha ubao huu na ngalawa ni mlingoti wake. Mlingoti wa ngalawa husimikwa imara na chombo huongozwa kwa usukani, ilhali mlingoti wa ubao umeshikizwa kwa kiungo kinachouwezesha kulala upande wowote, na chombo hakina usukani kabisa. Mchezaji akiuinamisha mlingoti nyuma, kichwa cha ubao hugeukia joshi, yaani upande unakotoka upepo, na akiuinamisha mbele, kichwa huuacha upepo na kuelekea demani. Pezi lililo chini ya ubao huuzuia usisukumwe kando, na kwa sababu hiyo nguvu ya upepo hugeuka kuwa mwendo wa mbele. Kama ilivyo kwa kila chombo cha tanga, ubao hauwezi kuukabili upepo moja kwa moja, hivyo anayetaka kurudi upande wa joshi hana budi kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku.

Mwanafunzi huanza tanga likiwa limelala majini. Husimama katikati ya ubao, miguu ikiwa pande mbili za mlingoti, akashika kamba na kuegemea nyuma polepole mpaka maji yaliyokaa juu ya tanga yamwagike. Wengi huanguka hapa kwa kuvuta kwa mikono na mgongo kwa pupa. Anayeacha uzito wa mwili ufanye kazi huliona tanga likiinuka ghafla likiwa jepesi, kisha hushika fito iliyopinda iliyolizunguka na ubao huanza kwenda.

Upepo unaofaa mafunzo ni wa noti 6 hadi 12, noti moja ikiwa ni kilomita 1.852 kwa saa. Tofauti inayoonekana ndogo kwa tarakimu ni kubwa mikononi, kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: ukipanda kutoka noti 10 hadi 14, tanga lile lile huvuta takriban mara mbili. Kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, na kusi, inayotoka upande wa kusini-mashariki na kushika nguvu kuanzia Juni hadi Septemba, zote huifikia pwani hii kutoka upande wa bahari, na mchezaji aliyechoka husukumwa kuelekea nchi kavu. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko bahari na kuvuta hewa ya baharini, ndiyo maana upepo mara nyingi hukaza alasiri. Alfajiri huweza kuvuma umande, upepo wa kutoka nchi kavu, ambao huonekana mpole lakini humpeleka mwanafunzi upande wa mwamba.

Maji nayo yana saa zake. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Katika siku hizo maji hupwa karibu saa 4 asubuhi, wakulima wa mwani wakashuka kwenye mashamba yao ya vigingi na kamba, kisha hujaa karibu saa 10 alasiri, upepo ukiwa umekwisha kukaza. Kwa kuwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, baada ya juma moja mpango huo hupinduka na alasiri hukuta maji machache, miamba midogo na vigingi vinavyoweza kumjeruhi anayeanguka.

Baada ya siku kuchaguliwa, hubaki vifaa. Mtu mzima anayeanza huhitaji ubao wa lita 200 hivi, kwa kuwa ubao mpana hautikisiki ovyo, na mtoto hutosheka na tanga la mita mraba 2 au pungufu. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, akae mbali na kamba za wachezaji wa tiara, ambao ni wengi Paje, na asiuache ubao wake hata akishindwa kurudi, kwa sababu ubao huelea na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mwogeleaji. Kwa hiyo familia inayopanga likizo ingefanya vyema kutazama kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi, kwani tarehe zikikosewa hakuna mwalimu wala kifaa kitakachoyarudisha maji.