Mwani wa nyumbani Rugerero: maji ya Kivu hayatoshi

RUGERERO, Rubavu – Anayetaka kukuza mwani wa baharini ndani ya tangi la kioo hapa asidanganywe na ujirani wa Ziwa Kivu. Maji ya juu ya ziwa hilo yana takriban gramu 1 tu ya chumvi kwa lita. Bahari ina gramu 35. Kuongeza chumvi ya jikoni ni kupoteza fedha, kwani mwani huhitaji pia magnesi, kalsi na potasi. Inayofaa ni chumvi maalumu ya matangi ya samaki, nayo huagizwa kutoka nje.

Mwani mkavu wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu mwaka 1989, ni wa viwandani na hauoti tena. Mbegu ni kipande kibichi, na safari ya lori kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo kinaweza kisiimalize kikiwa hai.

Tangini, mwani hunyonya naitreti na fosfeti zitokanazo na kinyesi cha samaki. Ukipunguzwa na kutolewa, uchafu hutoka nao. Kaulerpa hukua haraka, lakini huweza kuyeyuka usiku mmoja na kuurudisha uchafu wote majini. Kaetomofa, unaofanana na nyuzi za plastiki, una hatari ndogo zaidi kwa anayeanza.