Basi la Alfajiri na Uchumi wa Utalii wa Usambara

Utalii wa Usambara Magharibi, safu ya Milima ya Tao la Mashariki iliyomo mkoani Tanga, unawiana vyema na usafiri wa umma kuliko ule wa hifadhi kubwa za kaskazini mwa Tanzania, kwa kuwa kivutio chake si wanyama wanaofuatwa kwa gari la kukodi bali ni mandhari, misitu na vijiji ambavyo mgeni huvifikia kwa miguu akishashuka garini. Hata hivyo, mabasi ya milimani hayakuanzishwa kwa ajili ya mgeni, na asiyelielewa jambo hilo hawezi kuielewa biashara yenyewe.

Lango la safu hiyo ni Mombo, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha, ambao reli kutoka Tanga iliufikia mwaka 1905. Kutoka hapo barabara ya lami ya kilomita 33 hivi hupanda kwa kona kali kupitia Soni, penye maporomoko yanayoonekana kutoka garini, hadi Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban meta 1,400 ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Yapo mabasi ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Tanga, lakini abiria wengi wanaoshukia Mombo huendelea kwa Costa au Noah, ambazo kwa kawaida huondoka zikijaa. Desturi hiyo, inayowakera wageni, ina sababu ya kiuchumi: mafuta ya kupandia mlima ni yaleyale kiti kikiwa na mtu au kikiwa kitupu, ilhali nauli haiwezi kupandishwa kiholela, kwani nauli elekezi, yaani kiwango cha juu anachoruhusiwa kutoza msafirishaji, hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoanzishwa mwaka 2019.

Kutoka Lushoto mgeni hahitaji gari ili kufika Irente, genge lililo kilomita chache kutoka mjini ambalo chini yake hutandaa tambarare ya Mombo. Na kwa msitu wa hifadhi wa Magamba, magari yaendayo Mlalo na Mtae humsogeza karibu. Ni Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa safu, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kinachoonyesha wazi zaidi jinsi ratiba inavyogawa mapato. Basi la huko hushuka alfajiri, likiwachukua wakulima, wanafunzi na wagonjwa wanaokwenda mjini, kisha hurudi alasiri, kwa hiyo mgeni aliyepanda nalo hana budi kulala. Usiku huo mmoja humpa kipato mwenye nyumba ya wageni, mama lishe na kijana anayeongoza watu njia za msituni, ambao wasingeambulia kitu iwapo mgeni angefika kwa gari la kampuni, akapiga picha na kuondoka kabla ya jua kuzama.

Faida nyingine haizungumzwi inavyostahili. Safari hizi tayari zinalipiwa na uchumi wa kilimo, hasa kabichi, karoti na viazi vinavyoteremshwa kwenye magulio na masoko ya mijini, na kwa sababu hiyo nauli ya mgeni huwa nyongeza kwa msafirishaji bila kumwongezea gharama kubwa. Kinachokosekana ni taarifa. Saa za kuondoka zinajulikana kwa wenyeji lakini mgeni huzipata kwa kuulizia stendi, ambako wapiga debe wana maslahi yao, na wengi hukata tamaa wakakodi gari dogo. Ubao wa ratiba na nauli katika stendi za Mombo na Lushoto, unaorekebishwa kila masika pale barabara za vumbi zinapoteleza na safari kupungua, ungegharimu kidogo sana kuliko vipeperushi vya kutangaza vivutio ambavyo msomaji wake hajui atavifikiaje.