Kidole gumba kilikuwa hakijui kazi yake

Wengi wenu mnanijua kwa mashine ya kushona, si kwa kinanda. Wale tulioimba pamoja zamani katika korali ndio wanakumbuka kwamba kabla ya kuolewa nilikuwa napiga. Nilijifunza nikiwa na miaka 12, bila mwalimu, kwa kuangalia tu mikono ya wengine siku ya yenga. Niliacha mtoto wa kwanza alipozaliwa, na ikapita miaka 19.

Mwaka jana kijana aliyekuwa akitupigia kinanda alikwenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodi. Korali ikabaki na ngoma tu. Kiongozi akaniambia: « Mama, wewe ulikuwa unajua. Tusaidie kidogo. » Nikakubali, maana nilifikiri mikono haisahau.

Kweli haikusahau, hata kosa moja. Nyimbo zote nilizipiga katika Do, na waimbaji wakitaka Mi bemoli nilifinya kile kitufe cha kuhamisha sauti. Wapigaji wengi wa makanisa yetu wanajua ninasema nini. Nilitumia vidole vitatu kwa kila mkono. Kidole gumba kilining'inia nje ya kinanda kama mgeni aliyenyimwa kiti, na kidole kidogo kilikunjwa. Nikitaka sauti ya nguvu, nilikaza bega, kiwiko na mkono wote.

Haikupita miezi miwili, usiku vidole vikaanza kufa ganzi: gumba, cha shahada na cha kati. Asubuhi makasi yalinianguka mkononi. Wamama, mimi ninakula kwa mkono huu. Kodi ya nyumba na pesa ya masomo ya watoto vinatoka kwenye makasi hayo. Bwana yangu hakupiga kelele, alisema tu: « Mama wa watoto, mkono huo ndio bukari yetu. Kinanda kiache. »

Nilikwenda kuonyesha mkono kwa munganga. Alinieleza kwamba mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole hivyo unapita katika njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono. Ukikunja kifundo na kukikaza saa nyingi, mshipa unabanwa. Aliniambia nipumzishe mkono majuma matatu. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: « Unakaa namna gani ukipiga? »

Sikuwa na jibu. Nikamwita yaya mmoja anayefundisha watoto solfeji, aje kuniangalia. Nilitayarisha wimbo wa kumwonyesha, lakini hakutaka kuusikia. Aliangalia meza. Kinanda kilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, mimi kwenye kiti kifupi, viwiko chini ya vibao, vifundo vimekunjwa kwenda juu. « Mdogo wangu, ungeketi hivyo kwenye mashine yako ya kushona? » Nikacheka kwa haya. Kwenye mashine sikubali hata kidogo.

Alikunja vitenge vitano akaviweka juu ya kiti, mpaka viwiko vyangu vikawa sawa na vibao au juu yake kidogo. Akaniketisha nusu ya mbele ya kiti, nyayo mbili chini. Kisha nikafinya kibao kimoja tu, nikakishika, naye akanyanyua kiwiko changu kwa kidole chake. Kiwiko kilikuwa kigumu kama mti. Akasema kibao kikishashuka, hakiongezi sauti hata ukikigandamiza kwa nguvu zote; kukishika chini kunataka uzito kidogo sana. Juma zima sikupiga kitu kingine. Nilifinya, nikalegeza, nikajipima kiwiko. Watoto walidhani kinanda kimeharibika.

Ndipo ikaja zamu ya kidole gumba. Hesabu vidole hivi: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili. Ngazi ya Do kwa mkono wa kuume, ukipanda, ni 1-2-3, halafu gumba linapita chini ya kidole cha tatu na kushika Fa, unaendelea 1-2-3-4-5. Mkono wa kushoto unapanda 5-4-3-2-1, halafu kidole cha tatu kinavuka juu ya gumba na kushika La: 3-2-1. Ni hivyo tu. Lakini gumba lililokaa nje miaka yote hiyo halikubali kwa siku moja. Mimi nilikuwa nainua kiwiko nje kama kuku anayetandaza bawa ili gumba lipite. Yaya aliniambia nilitangulize gumba mapema, lianze kusogea chini ya kiganja mara tu kidole cha pili kinapopiga, na mkono wote uteleze pembeni pamoja nalo.

Kinanda changu kina kipima mwendo, sikuwa nimekigusa hata mara moja. Tulikiweka kwenye 50 kwa dakika, sauti moja kwa kila pigo. Nikifaulu mara tatu mfululizo bila kosa na bila kukaza, naongeza 4. Nikikosea, narudi nyuma. Hapa ndipo mtu aliyejifundisha mwenyewe anateseka, maana masikio yake yanajua wimbo tayari na yanamsukuma kukimbia.

Wengine watawaambia mtafute kitabu cha Hanon, cha mwaka 1873, chenye mazoezi 60. Mimi ninacho, nimetumia mazoezi mawili. Ni kizuri kama unapiga polepole na mkono umelegea. Ukikipiga kwa haraka na kwa nguvu, kinakurudisha kwa munganga.

Yaya alinisimulia pia juu ya Clara Schumann wa Ujerumani, na habari hiyo nimeishika. Mume wake Robert, mtunzi mkubwa, aliharibu mkono wa kuume angali kijana na hakuwa tena mpiga piano. Clara alizaa watoto wanane. Robert akafariki mwaka 1856, na ni Clara aliyesafiri akipiga mbele za watu ili nyumba ile. Naye pia, miaka ya 1870, maumivu ya mkono yalimsimamisha. Alipumzika, akarudi, akapiga mpaka 1891. Nilimwambia bwana yangu habari hiyo wakati wa kula. Hakujibu, lakini kesho yake aliukata mguu wa meza ndogo uliokuwa mrefu ili kinanda kisiyumbe.

Sasa ninajifunza dakika 20, watoto wakiisha kulala, nikiwa na visikilizio masikioni. Umeme ukikatika, sinunui betri kila mara, maana kinanda changu kinakula sita. Ninapiga bila sauti, ninaangalia vidole tu. Kusema kweli siku hizo ndizo ninazosahihisha makosa mengi zaidi, kwa sababu hakuna muziki wa kunidanganya. Mkono ukianza kuchoka, ninafunga.

Usiku vidole havifi ganzi tena. Kitufe cha kuhamisha sauti nimekifunika kwa kipande cha plasta. Korali nimeiomba ivumilie: kwa sasa ninawapigia nyimbo nne tu, mbili katika Do, moja katika Sol, moja katika Fa, na mkono wa kushoto unapiga sauti za chini tu. Wa sauti ya kwanza wamenung'unika kwamba Fa iko chini kwao. Nimewaambia Re inakuja, lakini Fa diezi na Do diezi bado zinanisumbua, na siku ya posho nina magauni sita ya harusi ya kumaliza kwanza.