Kielezi "Already" cha Kiingereza na Mipaka ya "Tayari" katika Tafsiri ya Kiswahili

Kielezi *already* ni miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wa tafsiri hayatafuti katika kamusi, kwa kuwa anaamini anayajua. Katika kusahihisha kazi za wanafunzi wa shahada ya umahiri nimezoea kukuta kila *already* ya matini chanzi imekuwa *tayari* katika matini lengwa. Mara nyingi sentensi inayotokana haina kosa la kisarufi, lakini msomaji wa Kiswahili hubaki na maana nyingine. Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu hiyo.

Inasemwa kwa kawaida kwamba *already* huonyesha tendo lililotendeka kabla ya wakati wa kusema. Maelezo hayo hayatoshi, maana kazi hiyo hufanywa na njeo. Tulinganishe:

(1) She has left.
(2) She has already left.

Sentensi zote mbili ni kweli katika mazingira yaleyale: mhusika ameondoka. Kinachoongezwa na (2) ni dhana tangulizi, yaani kwamba msemaji au msikilizaji alidhani huenda mhusika hajaondoka bado. Kielezi hiki basi hakipimi muda. Kinalinganisha hali iliyopo na hali iliyotazamiwa. Ndiyo sababu huweza kukaa na kitenzi kisichotaja tendo lililopita, kama katika *She already knows*. Löbner (1989), akichambua vielezi vya Kijerumani vya jamii hii, alionyesha kwamba haviwezi kuelezwa kimoja kimoja. Maana ya "imekwisha kuwa" hufahamika kwa kuhusishwa na "bado".

Katika Kiswahili ulinganisho huu umo ndani ya kitenzi. Kitenzi *kwisha* kimesinyaa kuwa mofimu, nasi twapata:

(3) Amekwisha kuondoka.
(4) Ameshaondoka.
(5) Keshaondoka.

Zote tatu hutosheleza sentensi ya (2) bila kielezi chochote. Hata *She already knows* hupata *Keshajua*: Kiingereza kinataja hali ya kujua, Kiswahili kinataja kuingia katika hali hiyo. Mwanafunzi anayeandika *Tayari anajua* hakukosea, ila amefuata muundo wa Kiingereza mahali ambapo Kiswahili kina njia fupi zaidi.

Hata hivyo, *-sha-* si pacha wa *already*. Swali *Have you eaten yet?* halina mshangao, ilhali *Have you eaten already?* hudokeza kwamba muulizaji hakutazamia mlo umalizike mapema hivyo. Mwenyeji anayemuuliza mgeni *Umeshakula?* hashangai hata kidogo. Anajiandaa kumpakulia, na jibu *Bado* litampeleka jikoni. Mfasiri anayetaka mshangao wa swali la pili itambidi autafute kwingine, kwa mfano *Mara hii umeshakula?*

Sasa *tayari*. Maana yake ya msingi ni kuwa katika hali ya kuweza kuanza jambo, na wapo wanaoona matumizi yake mapya kuwa uchafuzi wa lugha. Siungani nao. *Already* yenyewe ilizaliwa kwa kuunganishwa *all* na *ready*, na *bereits* ya Kijerumani imetokana na *bereit*, neno lenye maana hiyohiyo ya kuwa tayari. Njia hii ilikwisha kupitwa na lugha nyingine. Isitoshe, *tayari* huziba pengo la kweli: *-sha-* haikai na kitenzi kishirikishi *ni* wala na *-na-*. Hatuwezi kusema *\*anashafanya kazi*, lakini *Tayari anafanya kazi* yasemeka. Na *Yeye tayari ni mjane* haina mbadala mfupi unaoniridhisha.

Hatari iko katika vishazi vya mahali, kwa sababu hapo maana mbili za *tayari* hukutana. Tuchukue taarifa ya hospitalini:

(6) The patient is already in theatre.
(7) Mgonjwa yuko tayari chumba cha upasuaji.
(8) Mgonjwa tayari yuko chumba cha upasuaji.
(9) Mgonjwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji.

Anayesoma (7) ana haki ya kuelewa kwamba mgonjwa ameandaliwa na anasubiri. Jamaa zake wakiambiwa hivyo, watatarajia kumwona kabla hajaingia. Sentensi ya (8) hupunguza utata kwa kutanguliza kielezi, lakini inategemea mpangilio wa maneno tu, na katika mazungumzo ya haraka mpangilio huo hupotea. Ni (9) pekee isiyoruhusu tafsiri ya pili. Pale ambapo mahali panaweza kuelezwa kwa kitenzi cha kuingia, kufika au kuwekwa, mfasiri atumie kitenzi hicho pamoja na *-sha-*, na *tayari* aiache kwa ajili ya *ni* na *-na-*.

Uradidi wa *Tayari ameshaondoka*, ambao magazeti yetu yanaupenda, haupotoshi maana. Mimi huuacha upite katika simulizi, na huukata katika hati ya kisheria.

Ipo pia *already* ya Wamarekani katika *Enough already!*, iliyoingia kwa athari ya Kiyidi. Hiyo haina dhana ya kutangulia. Ni ya kukosa subira, na *Basi, imetosha!* inaibeba yote bila *tayari*.