Kuguna Siyo Kukasirika

Katika insha zetu za uhakiki, neno la Kiingereza 'disgruntled' hutafsiriwa upesiupesi kuwa 'mwenye hasira'. Kwa mtazamo wangu, hapo tunapotea njia.

Hebu tulichambue. 'Grunt' ni kuguna. 'Gruntle', kitenzi cha zamani, ni kuguna tena na tena, yaani kugunaguna. Wengi hudhani 'dis-' hapa inakanusha, kama katika 'dislike'. La hasha! Inatia mkazo. 'Gruntled' kwa maana ya mtu aliyeridhika ni utani wa karne ya 20 tu, P. G. Wodehouse aliutumia mwaka 1938 katika The Code of the Woosters.

Basi mtu huyu si yule anayewaka mara moja akapoa. Aliamini anastahili kitu, akanyimwa, akabaki na kinyongo. Mfano ni Iago katika Othello: cheo alichokitaka kapewa Cassio. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, hakulitumia neno lenyewe. Lilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 17.

Lakini tahadhari, ndugu zangu. Mara nyingi neno hili humtoka aliye juu. Mwajiri akisema wafanyakazi wake ni 'disgruntled', tunasikia miguno tu. Mshahara uliocheleweshwa hatuusikii. Kwa hiyo mhakiki anayemwita mhusika hivyo ajiulize: nasema mimi, au namsemea bosi? Mimi ningeandika 'mwenye kinyongo', kisha nieleze kanyimwa nini, na nani.